Wanangu waandishi, mjueni Deirdre kabla ya kumpa mhusika jina lake

Wanangu,

Katika miswada mliyoniletea nimewaona akina Deirdre kadhaa, wasichana wa Dublin na Belfast. Jina ni zuri, sikatai. Ila msomaji wa Ireland akiliona, tayari anasubiri msiba, nanyi mnamaliza hadithi kana kwamba mngeweza kumwita jina lolote.

Deirdre ni mwanamke wa ngano za kale za Ireland. Kisa chake kimo katika Kitabu cha Leinster, mswada wa Kiayalandi wa karne ya 12, nacho kisa chenyewe ni cha zamani zaidi. Akiwa bado tumboni mwa mama yake, karamuni, alipiga ukelele uliowashtua mashujaa wote. Mtabiri Cathbad akasema uzuri wa mtoto huyo utaiponza Ulster, ufalme wa kaskazini mwa Ireland. Wengine wakataka auawe, lakini mfalme Conchobar akaagiza alelewe mafichoni, aje kuwa mke wake.

Siku moja ya theluji, baba mlezi wake alikuwa nje akichuna ndama. Kunguru akatua, akawa anakunywa damu iliyomwagika juu ya ule weupe. Deirdre akatazama, akasema angempenda mwanamume mwenye rangi hizo tatu: nywele za kunguru, mashavu ya damu, mwili wa theluji. Leborcham, mmoja wa watu wachache walioingia kwake, akamwambia mtu huyo yupo, tena si mbali: shujaa kijana Naoise.

Hapo ndipo wengi wenu mnampoteza. Mnamchora mrembo wa kulialia, wakati katika kisa cha kale ni yeye aliyemfuata Naoise. Kijana aliposita kwa kumwogopa mfalme na utabiri, Deirdre alimrukia, akamkamata masikio yote mawili, akamwambia yatakuwa masikio ya aibu asipomchukua. Someni tena tukio hilo kabla ya kumwandikia machozi.

Wakatorokea Uskoti. Waliporudi kwa dhamana ya usalama ya shujaa Fergus, mfalme akaivunja dhamana hiyo na Naoise akauawa kwa mkuki wa Eogan, aliyekuwa upande wa mfalme. Mwaka mzima aliokaa kwa Conchobar, Deirdre hakutabasamu. Conchobar akamuuliza anamchukia nani zaidi. Wewe na Eogan, akajibu. Basi mfalme akaamua kumkabidhi kwa Eogan. Akiwa kwenye gari la farasi kati ya wanaume hao wawili, alijipigiza kichwa kwenye jiwe, akafa.

J. M. Synge, mwandishi wa tamthilia wa Ireland, alifariki mwaka 1909 akiwa hajaikamilisha tamthilia yake juu ya Deirdre. Ilichezwa katika ukumbi wa Abbey, Dublin, mwaka 1910, na mchumba wake Molly Allgood ndiye aliyekuwa Deirdre. Humo anajichoma kisu kaburini kwa mpenzi wake. Synge alikibadilisha kifo hicho akijua vizuri anabadilisha nini, na hilo ndilo ninalowaomba. Deirdre wenu akitaka kuzeeka na wajukuu, mwacheni azeeke, ila msomaji aone anaponyoka kutoka wapi.

Rudieni miswada hiyo. Na yule mwenye mhusika aitwaye Niamh aje kwangu tumzungumzie Oisín, shujaa aliyechukuliwa na Niamh wa ngano, na miaka 300 ya Tír na nÓg, nchi ya ujana wa milele, kabla hajaendelea na sura ya pili.

Mzee wenu