Wazee wasiambiwe wasubiri uraia

Ndugu Mhariri,

Katika jumuiya zetu hapa Marekani, mzee asiyejua Kiingereza akiuliza habari za uraia huambiwa asubiri, ipo siku atafanya mtihani kwa Kiswahili. Sheria hiyo ipo kweli, lakini ushauri huo unawaumiza wazee wetu.

Anayeruhusiwa kuja na mkalimani ni mwenye umri wa miaka 50 aliyekaa na grin kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, miaka 20, au mwenye miaka 55 aliyekaa nayo miaka 15. Bibi aliyeletwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka 2016, akiwa na miaka 60, atafikia nafuu hiyo mwaka 2031. Lakini mkimbizi anayeishi kwa fedha za SSI, yaani msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wasio na kipato, hukatiwa baada ya miaka 7 kama hajawa raia na hana miaka ya kazi ya kutosha. Hapo katikati atakula nini? Na kuomba uraia kunaruhusiwa baada ya miaka 5, kwa hiyo nafasi aliyo nayo ni ndogo mno.

Madarasa yetu nayo yanakazania kukariri yale maswali 128 ya mtihani wa uraia, ya historia na serikali. Kukariri wazee wanaweza, hata wasiojua kusoma. Wanakokwama ni kwenye fomu ya kuomba uraia, N-400, ambayo afisa wa uhamiaji huipitia kwa Kiingereza: umewahi kupiga kura, umewahi kudai wewe ni raia, umewahi kumtesa mtu? Mama mmoja ninayemfundisha, aliyekimbia vita na watoto mgongoni, nilipojifanya afisa aliitikia "yes" kwa kila swali, hata hilo la kutesa. Kwake kumkatalia mkubwa aliyeketi mezani ni utovu wa adabu. Tulirudia swali hilo moja jioni nzima, kwanza kwa Kiswahili mpaka akaelewa anaulizwa nini, ndipo tukaenda kwenye Kiingereza. Sasa anajibu "no" bila kusita.

Kwa mgonjwa wa kiharusi au aliyepoteza kumbukumbu ipo fomu ya kuomba kusamehewe mtihani, N-648, ambayo hujazwa na daktari. Uzee peke yake hautoshi, kwa hiyo mtoto wa mgonjwa aende naye na kueleza kila kitu. Ada ya dola 760 pia isimtishe mtu: anayepokea SSI anaweza kuomba asamehewe.

Nawaomba wachungaji, maimamu na viongozi wa jumuiya wawatumie vijana waliosoma sekondari hapa. Kijana akikaa na mzee nusu saa kila wiki, akawa afisa na kumuuliza maswali ya N-400, itasaidia kuliko karatasi tunazogawa. Waanze na waliotimiza miaka minne nchini, maana hao wamebakiwa na mwaka mmoja tu kabla ya kuomba.

Mwalimu wa kujitolea,
Louisville, Kentucky