Lali, nichongee mdomo wa zumari

Maweni, Malindi
Jumapili, 16 Novemba 2025

Kwako Lali,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama, ambaye bado anauliza kama umeoa. Sisi huku wazima. Kusi limekwisha, kaskazi halijashika, na kwa siku hizi chache za katikati bahari imetulia kama maji ya mtungini. Nilikuwa nikizingoja siku hizi tangu Septemba. Jana ile ndege yangu ndogo ya rimoti imeruka.

Nitakueleza kwa kirefu kwa sababu nina haja na wewe, na haja yenyewe ni ya mikono yako, si ya pesa. Kwa hiyo vumilia.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nisitie propela mbele kama watu wengine. Jibu la kweli ni kwamba nataka iwe jeti, basi. Lakini ngoja nikwambie ilivyo. Haina moto wala mafuta. Ndani ya tumbo lake mna bomba, ndani ya bomba mna feni ya kipenyo cha milimita 64 yenye mapanga 11, na nyuma ya feni mna mota ya umeme inayozunguka mara 4,500 kwa kila volti moja unayoipa. Betri yangu ina seli tatu, volti 11.1. Piga hesabu: karibu mizunguko 50,000 kwa dakika mota ikiwa tupu. Ikibebeshwa feni inapungua, ila punje ya mchanga ikiingia humo bado ni risasi. Propela kubwa huchota hewa nyingi na kuisukuma polepole; feni hii huchota hewa kidogo na kuitema kwa kasi, na kazi ya namna hiyo hula umeme vibaya sana. Betri ya miliampea-saa 2,200 nikiibana inakwisha kwa dakika tatu na nusu. Mama ananicheka: saa nzima ya kwenda, dakika tatu hewani, saa nzima ya kurudi na mchanga masikioni.

Umeme haukunisumbua. Mtu aliyeshinda miaka kumi akifungua simu za watu hashindwi na sevo mbili, zile mota ndogo za kugeuza usukani, na risiva ya kupokea amri za rimoti. Feni yenyewe nilipewa na mzee mmoja wa Kitaliano niliyemtengenezea redio. Alikuwa nayo kabatini, macho yake hayamruhusu tena kurusha. Mwili nikaukata kwenye maboksi meupe ya staifomu, yale ya kubebea samaki, kwa waya wa jiko la umeme lililokufa. (Ukiupasha waya huo, staifomu inakatika kama siagi, lakini fungua madirisha, moshi wake si wa kuvuta. Na harufu ya changu haitoki hata uoshe mara saba.)

Kilichonishinda ni hewa.

Ile ya kwanza, uliyoiona kwenye picha, ilikufa mwezi wa tisa. Mpwa wangu aliirusha kwa mkono, ikatoka vizuri, kisha ikaanza kuzama, nami nikafanya kosa la kila mgeni wa jeti: nikaivuta pua juu. Ndege ya propela hata ikiwa haijapata mwendo, propela inaupuliza upepo juu ya mabawa na mkia, kwa hiyo usukani unashika mara moja. Jeti haina bahati hiyo. Upepo wote unapita ndani ya bomba na kutokea nyuma, na usukani unabaki pambo tu hadi ndege yenyewe ipate mbio. Ni kama mashua iliyoshusha tanga: zungusha usukani utakavyo, omo haigeuki. Kwa kuivuta juu niliiua ile mbio ndogo iliyokuwa nayo, bawa moja likaanguka, na pua ikaingia mchangani hadi kwenye betri. Dawa yake ilikuwa kuiacha izame kidogo, ikusanye mwendo, ndipo niinue. Moyo haukubali, Lali. Kitu ulichokitengeneza wiki tano kinaelekea chini nawe umekaa kimya!

Nilikaa wiki mbili bila kuigusa. Halafu usiku mmoja nikachukua mizani ya jikoni, nikaisimamisha feni na bomba lake juu yake ili ipulize juu na kuisukuma mizani chini, nikawasha. Gramu 470. Na ndege nzima ilikuwa na gramu 690. Usidhani lazima msukumo uzidi uzito. Bawa ndilo linalobeba, feni inasukuma tu. Lakini yule mzee aliniambia feni hii ilikuwa ikimpa gramu 600 hivi. Zangu nyingine zilikuwa zinakwenda wapi?

Nikaitazama betri, nzima. Nyaya, nzima. Nikachukua udi, nikauwasha, nikausogeza kwenye mdomo wa bomba, na hapo ndipo nilipoona. Moshi ulikuwa ukija kutoka pande zote, hata kutoka nyuma ya ukingo, unafika pale penye kona kali ya staifomu niliyoikata wima, unashindwa kupinda, unachanika na kuingia ukiwa umevurugika. Wewe umeliona hilo tangu utotoni kwenye maji: omo ikichongwa butu, maji yanarudi nyuma kwa hasira, ikichongwa kwa mviringo, yanapita bila kujua kwamba kuna chombo. Feni ilikuwa inamezeshwa mchafuko, na mapanga yake hayakupata cha kushika.

Nikakata chupa ya maji kubwa, pale begani inapoanza kujikunja kuelekea shingoni, nikaigeuza na kuigundisha mdomoni mwa bomba. Mdomo ukawa umepanuka kama wa zumari. Mizani: gramu 580. Mota ile ile, betri ile ile, bila kuongeza hata volti moja. Nilimwamsha mpwa wangu aje aone, naye akauliza kama kumekucha.

Mkiani nako nilirekebisha. Bomba linatakiwa kupungua kidogo linapotokea, nafasi ya kutokea iwe kama asilimia 85 hadi 90 ya nafasi ya feni ukiondoa kitovu chake cha katikati. Kwangu imetoka kipenyo cha milimita 54. Ukibana zaidi feni inakabwa na kupiga kelele kama nyigu ndani ya kopo.

Basi nikajenga ya pili, mdomo nikauweka mgongoni badala ya tumboni, maana inatua kwa tumbo na sikutaka imeze pwani nzima. Mabawa ni ya pembetatu, na nyuma yake vibao viwili vinavyofanya kazi ya mkia na ya mabawa pamoja. Betri nikaisogeza mbele sentimita mbili. Hilo huhitaji kufundishwa nami: shehena ikilalia tezi, nani atakishika chombo?

Jana tulitoka alfajiri. Hapa mjini siwezi kurusha, uwanja wa ndege uko pua na mdomo na nyumba zetu, na mtu mwenye akili hachezi karibu na njia ya ndege zenye watu. Mlangoni mwa mto Sabaki nako kuna ndege wa haki, heroe na wenzao, sitaki kuwafukuza. Kwa hiyo tulivuka daraja tukaenda hadi upande wa Mambrui, saa kumi na mbili na nusu, upepo wa umande bado unapuliza kidogo kutoka bara na maji yamekupwa. Tulitandika mkeka ili mchanga usiingie. Safari hii sikuitegemea mikono ya mtu: nilinunua mpira wa bunduki ya wapiga mbizi, nikaufunga kwenye kigingi na kamba ndefu, na chini ya pua ya ndege nikatia ndoana ndogo. Na tukaielekeza bara, uso kwa upepo. Hapo ndipo wewe na mimi tunapoachana, bwana; nyinyi mkipata upepo wa nyuma mnamshukuru Mungu, mimi ndio unaonivunjia chombo.

Mpira ukaachia, ndoana ikachomoka, nikabana rimoti hadi mwisho. Ikazama kidogo. Nikaiacha. Nakwambia vidole vilikuwa vinatetemeka, lakini nikaiacha, nikahesabu moja, mbili, halafu nikainua kidogo tu, nayo ikaja! Ikapanda taratibu juu ya mivinje, ikapinda kushoto kama mtu anayejua anakokwenda, na ile sauti, Lali, siwezi kuiandika. Wavuvi wawili waliokuwa wakitengeneza nyavu wakasimama. Mmoja akauliza inabeba kilo ngapi.

Dakika mbili na nusu nikaishusha, kwa sababu betri hizi ukizikamua hadi chini zinakufa. Ikatua kwa tumbo, ikateleza, ikasimama. Mkwaruzo mmoja.

Tukakaa tunakunywa chai ya chupa, na mmoja wa wavuvi akanyoosha kidole kaskazini, Ngomeni, akasema babake aliona roketi zikiondoka kule. Ni kweli, na sisi tunasahau upesi. Kwenye jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini na Wataliano, ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ndiyo ikapewa jina. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahususi kutafuta miale ya eksirei kutoka angani. Mwezi ujao itatimia miaka 55. Mvuvi akaitazama ndege yangu ya boksi la samaki, akasema, "Basi nanyi mmeanza tena." Nilicheka mpaka chai ikamwagika.

Sasa haja yangu. Lile bega la chupa lililainika jana jua lilipopanda. Tuliporejea nyumbani lilikuwa limejikunja upande mmoja kama sikio la punda. Nataka mdomo wa faiba, na faiba inataka kalibu ya mti. Mimi na patasi hatuelewani. Wewe mwenye tezo na msasa, na jicho la marehemu baba yako, nichongee.

Vipimo ni hivi. Upande mwembamba kipenyo milimita 64 kamili, nusu milimita ikizidi haitaingia. Upande mpana 84. Urefu 40. Na kati ya hapo na hapo mpindo mmoja tu, usio na kona wala bonde. Ukingo ujikunje kurudi nje kama zumari. Ukipitisha kidole ukahisi mahali popote kinasita, hewa nayo itasita. Mti wowote laini utafaa, hata kipande cha mwembe, mradi umekauka. Nakutumia duara mbili za karatasi ngumu uzitumie kama kipimo.

Na usione kazi ya mti ni ndogo katika mambo haya. Yuko Mjerumani, Kurt Schreckling, aliyejitengenezea injini ya jeti ya kweli, ya moto na mafuta, ya kutosha ndege ya mfano, na gurudumu la kushindilia hewa alilitengeneza kwa plaiwudi, akalizungushia nyuzi za kaboni lisipasuke.

Kuhusu ile betri kuukuu uliyoomba kwa taa ya mashua: hapana. Najua utanuna. Imevimba ubavuni, na betri ya litiamu iliyovimba ni moto unaongoja sababu. Nzima zangu nazichaji ndani ya chungu cha udongo, nikiwa nimekaa hapo hapo, na zikipumzika naziacha na volti 3.8 kila seli, si zaidi. Wewe unalala chini ya makuti. Moto wa Faza wa 2009 tuliuona sote ulivyokwenda, nyumba hadi nyumba. Nitakununulia ya gari.

Kalibu ikiwa tayari ifunge kwenye gunia, mpe kijana wa basi pale Mokowe, nitamlipa mwenyewe akifika. Andika juu yake "zumari", wasije wakaiwekea magunia ya maembe juu.

Wako,
Omari

Mpwa wangu anasema nikwambie kwamba yeye ndiye aliyeirusha. Aliushika mpira tu.