Mfuko wa unga bakini nao, mimi nataka namba

Mhariri,

Yule mtu wa mguu mmoja mliyemtoa picha kwenye ukurasa wa nyuma wa gazeti lenu, anapokea mfuko wa unga wa kilo 25 huku watu wa kamati wakicheka naye, ni mimi. Picha ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila chini yake mmeandika kwamba nilikuwa "mgeni wa heshima" wa mashindano ya baiskeli ya kutoka hapa Lubumbashi kwenda mji wa Kipushi na kurudi, na hapo ndipo ninaomba nafasi niseme kidogo. Sikwenda kuwa mgeni wa mtu. Nilikwenda kujiandikisha. Pesa ya kiingilio nilikuwa nayo mfukoni, na baiskeli niliipaka mafuta tangu usiku.

Kijana aliyekuwa mezani alitazama suruali yangu, akaenda kuulizana na wakubwa wake, akarudi na maneno matamu: "Papa, wewe ni wa kupewa heshima. Utakata utepe, utaendesha kidogo mbele ya watu, halafu tutakupa zawadi." Nikamuuliza namba yangu iko wapi. Akasema, namba ya nini tena, papa? Wenzangu wakaondoka, mimi nikabaki chini ya turubai kwenye kiti cha plastiki, na soda mkononi. (Unga tuliula. Nisiwadanganye, bukari yake, yaani ugali, ilikuwa safi.)

Mimi ni fundi viatu wa Katuba, hapa Lubumbashi. Mguu wangu wa kushoto ulikatwa chini ya goti baada ya lori kunigonga kwenye barabara ya Likasi, enzi hizo nikisafirisha makala, yaani mkaa, kwa baiskeli. Hayo yamepita. Watu wote wananiuliza habari za ajali. Habari za baadaye haniulizi mtu, na ndizo nilizo nazo nyingi.

Mguu wa bandia ninaovaa ni wa plastiki ngumu. Una kikombe kinachomeza kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki, na chini una unyayo wa mpira. Ni mguu wa kwenda sokoni na kanisani, haukutengenezwa kwa baiskeli. Goti likipanda juu na pedeli, mdomo wa kikombe unachimba nyama ya nyuma ya goti. Fundi wa miguu aliusaga ule mdomo kidogo kidogo. Ninaendesha, ninarudi na alama nyekundu, anasaga tena, mpaka goti likakubali kukunjika. Ukabaki unyayo. Hauna hisia, haujui kama uko juu ya pedeli au umeshateleza. Hiyo ilikuwa kazi yangu mimi. Nilikata kipande cha tairi la gari, nikakifunga kwenye pedeli, nikashona mkanda wa ngozi unaobana pua ya kiatu lakini unaachia mguu ukiuvuta pembeni. Usipoachia, siku ya kuanguka unaanguka pamoja na baiskeli.

Adui mkubwa ni jasho. Kigutu hakina saizi moja kutwa nzima. Asubuhi kimejaa, ukishaendesha muda mrefu kimenywea, kikombe kinaanza kucheza, na panapocheza ndipo ngozi inapochubuka. Kidonda kidogo tu, unarudi kwenye magongo wiki nzima. Kwa hiyo kabla ya kufika Kipushi ninashuka, ninakaa chini ya mwembe, ninavua mguu na kumwaga jasho. Ndiyo, linamwagika. Ninakausha kwa kitambaa, ninaongeza soksi ya pili ya pamba, ninavaa tena. Watoto hukusanyika. Mmoja aliniuliza kama huwa ninalala na mguu ule au unalala peke yake. Nikamwambia unalala chini ya kitanda, na haukoromi.

Juni na Julai, baridi yetu ikishika, vidole ambavyo sina tena hujikunja kwa maumivu usiku. Si uchawi, madaktari wanalijua jambo hili: mishipa ya fahamu iliyokatwa bado inapeleka habari kichwani. Sisemi baiskeli ni dawa ya kila mtu. Kwangu mimi, siku nilizoendesha mbali, usingizi unawahi kunichukua kabla vidole havijaanza.

Tangu nikatwe mguu, neno ninalolisikia kuliko yote ni "kaa". Dukani, papa kaa. Kanisani, kaa hapa mbele. Nyumbani wanangu wananinyang'anya ndoo ya maji. Barabara ya Kipushi ndiyo mahali pekee ninapofokewa. Wanaosukuma makala kwa baiskeli wanakuja mbele yangu, magunia yamepita vichwa vyao, wakinikuta katikati ya njia wanapiga kelele: "Sogea, mzee! Unalala?" Ninasogea, na moyo unafurahi. Mguu wangu wengine hawakuuona, na waliouona hawana nafasi ya kuuhurumia, wana mzigo.

Mpwa wangu alinisomea kwenye simu habari za Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa. Mwaka 1980 alikimbia na mguu wa bandia siku 143, kilomita 5,373, akichangisha pesa za utafiti wa saratani, mpaka ugonjwa ulipomrudia mapafuni. Lakini mimi nilishika jambo dogo zaidi. Mwaka 1979 aliingia mbio za barabarani za kilomita kama 27 huko Prince George, akawa wa mwisho, dakika 10 nyuma ya aliyemtangulia. Wa mwisho, lakini ndani ya mbio. Je, wangempa utepe akate?

Yuko pia Sarah Reinertsen wa Marekani. Mwaka 2004 aliingia Ironman ya Hawaii: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha kukimbia 42. Muda wa baiskeli ulimpita, wakamtoa, kama walivyowatoa wenye miguu miwili. Mwaka 2005 alirudi akamaliza, mwanamke wa kwanza kuyamaliza mashindano yale kwa mguu wa bandia. Mimi ninaomba hiyo saa iliyomtoa. Nikichelewa, nitolewe.

Najua kamati inaogopa nini: nianguke, halafu lawama ziwarukie wao. Lakini wenye miguu miwili nao huanguka, na mwaka huu wawili walianguka mbele ya turubai langu. Kama shida ni kunipanga na nani, mashindano ya kimataifa yalishalitatua: waendeshaji walemavu wanaotumia baiskeli ya kawaida wana makundi matano, C1 hadi C5, kufuatana na kiasi cha ulemavu. Sisi hatuhitaji hata matano, tuanze na moja. Nchi yetu ya Kongo (DRC) ilipeleka wanamichezo kwenye Paralimpiki, michezo ya dunia ya walemavu, kwa mara ya kwanza London mwaka 2012, na tangu tarehe 3 Mei 2022 tuna sheria namba 22/003 ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Hao wa kwenda Paralimpiki watatoka wapi kama hapa Lubumbashi wanapewa viti?

Kwa kamati, kupitia gazeti hili: kiingilio nitalipa sawa na wengine. Karatasi ya daktari ninayo. Mkitaka nianze nyuma ya wote, nitaanza nyuma, ili nisimzuie mtu. Na kama kuna mwingine mwenye kigutu na baiskeli anayetaka kujaribu, anitafute hapa Katuba, aje na kiatu chake. Mkanda wa pedeli nitamshonea bure.

Fundi viatu,
Katuba, Lubumbashi