YAH: Boljointi, Shokapu na Bushi Zilizokufa Ndani ya Miezi Mitatu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salamu. Ninajibu barua yenu iliyokataa ombi langu la kubadilishiwa boljointi. Ninawaandikia kwa heshima, ingawa mimi heshima hiyo sikuipata kwenye kaunta yenu.

Masharti ya dhamana mnayajua, sitayarudia. Seti nzima ya vifaa vya magurudumu ya mbele ya gari langu niliyonunua kwenu imetembea kilomita 4,100 tu. Shokapu ya kulia inavuja mafuta hadi yamegandana na vumbi. Bushi, ile mipira ya amu za chini (mikono inayoshika gurudumu), zimeota magaga. Mpira wa kufunika boljointi ya kushoto, kile kiungo kinachoshika gurudumu, ulichanika, grisi ikatoka, maji na mchanga vikaingia. Ukishika tairi juu na chini ukalitikisa, lilikuwa linagonga. Tairi lenyewe limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, ingawa alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ilifanywa siku ileile ya kufunga vifaa.

Nilipoileta boljointi hiyo, mhudumu wenu aliizungusha kwa kidole kimoja. Kidole kimoja! Ikiwa mpya, hata kwa mkono mzima inagoma. Akaitupa kwenye kaunta, akasema mbele ya wateja: "Ulitaka rahisi, umepata rahisi."

Msinitupie lawama za ufungaji. Fundi wangu alikaza bolti za bushi gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, si likiwa juu ya jeki, ili mpira usijinyonge. Nilikuwepo, niliona. Kabla ya kuja kwenye kaunta nilikuwa nimewapigia simu mara nne, na kila mara naambiwa nisubiri.

Narudi kwenye kaunta, maana barua yenu imeliruka jambo hilo. Mhudumu aliizungusha boljointi kwa kidole, kidole kikachafuka kutu na grisi nyeusi, akakifuta kwenye risiti yangu. Risiti yangu, niliyokuwa nimeilaza mbele yake kama ushahidi! Mwanangu alikuwa amesimama pembeni, akaniangalia usoni kuona nitafanya nini. Nikaikunja risiti, nikaondoka. Wiki moja baadaye mnaniandikia kwamba ombi langu limekataliwa kwa kuwa risiti "haisomeki". Nani aliyeifanya isisomeke?

Siku ile nilikuja kuomba kubadilishiwa boljointi moja tu. Sasa hiyo haitoshi. Nataka fedha zangu zote za vifaa, za fundi mara mbili, za alaimenti na za tairi. Nataka pia barua ya kuniomba radhi yenye saini yako wewe meneja, siyo ya yule mhudumu. Na boljointi za toleo hilo ziondolewe rafuni, kwa sababu ikichomoka gari likiwa mwendoni, gurudumu linalala na usukani hauna kazi tena. Ndani ya gari langu wanakaa watoto.

Nawapa siku 7. Zikipita, nakwenda kwenye mamlaka ya kumlinda mlaji, kisha mahakamani, na huko nitadai pia fidia ya siku zote gari lilizolala. Vifaa vyote vimefungwa kwenye mfuko pamoja na risiti ile yenye alama ya kidole. Sivitoi kwa mtu wenu yeyote. Atakayevifungua ni mkaguzi asiye wenu, nami nikiwepo.

Mteja wenu