Sahihi ya mfalme na sahihi ya rais

Bwana Mhariri,

Katika mabishano ya kubadili Katiba hapa Lubumbashi, kuna hoja mbili zinazorudi kila mara. Wengine wanasema kwamba Mfalme wa Wabelgiji, alipokuja Kongo mnamo Juni 2022 na kuzungumza na wanafunzi pale Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), angeomba msamaha rasmi juu ya ukoloni kama angependa. Wengine wanataka rais wetu apewe mamlaka kama ya mfalme ili nchi itulie. Hoja zote mbili zinamdhania mfalme wa kikatiba kuwa na nguvu asizokuwa nazo.

Chukua amri yoyote ya kifalme ya Ubelgiji, utazame chini kabisa. Kuna jina la Mfalme Philippe, na chini yake jina la waziri. Hilo la chini ndilo lenye uzito. Kifungu cha 106 cha Katiba yao kinasema hakuna tendo la Mfalme linaloshika bila sahihi ya waziri, na waziri huyo ndiye anayebeba lawama. Kifungu cha 88 kinasema Mfalme haguswi. Mawaziri ndio wanaojibu. Desturi imeifikisha kanuni hiyo hadi kwenye hotuba: neno zito la Mfalme hadharani lazima serikali iwe imelikubali kwanza. Ndiyo maana tarehe 8 Juni 2022, mjini Kinshasa, Philippe alisema anajutia sana majeraha ya ukoloni, akaishia hapo. Msamaha rasmi ulihitaji vyama vya Brussels vielewane, navyo havikuelewana. Tume ya Bunge lao iliyochunguza ukoloni ilimaliza kazi Desemba ya mwaka huo huo bila kupitisha mapendekezo, kwa sababu ya neno hilo hilo la msamaha.

Je, mfalme akikataa kutia sahihi? Ilitokea Aprili 1990. Mfalme Baudouin alikataa sheria ya kuruhusu utoaji mimba kwa sababu ya dhamiri yake. Serikali ikatangaza kwamba Mfalme hawezi kutawala kwa muda, mawaziri wakaitia sahihi sheria wenyewe, na tarehe 5 Aprili mabaraza mawili ya Bunge yakakutana na kumrudishia kazi yake. Sheria ilipita. Mwenye kura Bungeni alishinda, na mwenye taji akabaki na heshima yake.

Mfumo huo una ugonjwa wake pia. Serikali inaishi kwa kura nyingi za Bunge, na kura hizo zisipopatikana, mfalme hana uwezo wa kukata shauri. Baada ya uchaguzi wa Juni 2010, Mfalme Albert II alituma mjumbe mmoja baada ya mwingine kutafuta maelewano, na serikali mpya ilipatikana baada ya siku 541. Muda wote huo ile iliyojiuzulu ndiyo iliyoshughulikia mambo ya kila siku.

Kwenye mfumo wa rais kamili, kama Marekani, mtu mmoja ni mkuu wa nchi na mkuu wa serikali. Anateua mawaziri (Seneti inawathibitisha), anatia sahihi yake, na wananchi wanamhukumu yeye. Ana muhula wa miaka minne, na Bunge haliwezi kumwondoa kwa sababu tu limechoka naye. Lazima Baraza la Wawakilishi limshtaki, kisha theluthi mbili za Seneti zimtie hatiani, na hadi leo hakuna rais aliyeondolewa kwa njia hiyo. Uingereza, kinyume chake, mwaka 2022 peke yake ilikuwa na mawaziri wakuu watatu bila uchaguzi mkuu hata mmoja.

Hatari kubwa ni kuchanganya maandishi ya mfumo mmoja na mazoea ya mwingine, na sisi Wakongomani tulilipa bei yake. Sheria ya Msingi ya 19 Mei 1960, katiba yetu ya muda, iliandikwa kwa mfano wa Katiba ya Wabelgiji. Kifungu chake cha 22 kilimpa Mkuu wa Nchi haki ya kumteua na kumwondoa Waziri Mkuu. Kule kwao sentensi kama hiyo inafungwa na desturi ya zaidi ya karne moja: mfalme hamfukuzi mwenye kura nyingi Bungeni. Huku yalifika maandishi, desturi ikabaki kwao. Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa Waziri Mkuu Lumumba. Sahihi za mawaziri wawili, Bomboko na Delvaux, zilikuwepo. Mabaraza ya Bunge yakakataa. Tarehe 14 Kanali Mobutu wa jeshi akawaweka kando Kasa-Vubu na Lumumba wote wawili. Mwaka 1965 ikarudiwa: Kasa-Vubu akamwondoa Waziri Mkuu Tshombe, akamteua Kimba, wote watoto wa Katanga, Bunge likamkataa Kimba, Rais akamteua tena yule yule, na tarehe 24 Novemba jeshi likachukua nchi.

Katiba ya 18 Februari 2006 imejaribu kuziba tundu hilo. Kwa kifungu cha 78, Rais anamteua Waziri Mkuu kutoka kwa wenye wingi Bungeni, na kazi ya Waziri Mkuu inakoma anapowasilisha mwenyewe barua ya kujiuzulu kwa serikali. Bunge ndilo linaloweza kumwangusha: robo ya wabunge watie sahihi hoja, saa 48 zipite, kisha wapige kura. Hivyo ndivyo Waziri Mkuu Ilunga Ilunkamba alivyoangushwa Januari 2021, kwa kura 367 katika Bunge la wabunge 500. Kwa hiyo anayeomba rais mwenye mamlaka ya mfalme aseme wazi anataka kuondoa nini: sahihi ya Waziri Mkuu, au kura hiyo ya Bunge?

Tunaomba gazeti lako, kila linapotangaza ordonansi (amri ya Rais) mpya, litaje kama Waziri Mkuu ametia sahihi chini ya ile ya Rais. Kifungu cha 79 kinaitaka sahihi hiyo kwenye ordonansi zote isipokuwa chache zilizotajwa humo, na msomaji ana haki ya kujua ni nani atakayejibu Bungeni.

Walimu wa elimu ya uraia, shule za sekondari,
Kampemba, Lubumbashi