Chongoleani hapapasuliwi mwamba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo moja lililomo katika makala mliyoichapa kuhusu bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga. Mwandishi alisema kwamba mradi huo utatuletea upasuaji wa miamba kwa maji ya shinikizo, na tangu hapo kila baraza ninalopita, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, wazee wananiuliza kama nyumba zao zitapata nyufa. Wananiuliza mimi kwa sababu kazi yangu ni kuchimba visima vya maji.

Chongoleani hapatapasuliwa mwamba wowote. Hapo ni mwisho wa bomba la kilomita 1,443, mahali pa matangi na gati la kupakilia meli. Hata huko yanakotoka, kandokando ya Ziwa Albert, mafuta yamo katika mwamba wa mchanga wenye vitundu vilivyoungana, unaoyapitisha vizuri bila kupasuliwa. Kinachosumbua ni nta iliyomo, ndiyo maana bomba litapashwa moto yasigande. Maji yatakayoingizwa ardhini upande ule ni ya kuyasukuma mafuta kuelekea visimani, na huenda hapo ndipo mwandishi alipochanganya mambo.

Upasuaji wenyewe huhitajika pale mwamba unapokuwa na mafuta au gesi lakini umebana, au pale tope la kuchimbia lilipoziba kuta za kisima na kupunguza mtiririko. Bomba la chuma la ndani ya kisima, ambalo limekwisha kushikwa kwa saruji, hutobolewa kwa baruti kwenye tabaka linalotakiwa, kisha pampu husukuma maji kwa nguvu inayozidi ile inayoubana mwamba, hadi mwamba uachie. Kwa kuwa chini sana uzito wa ardhi iliyo juu kwa kawaida hushinda mbano wa pembeni, ufa husimama wima, upana wake ukiwa milimita chache tu huku urefu wake ukifika makumi au hata mamia ya mita. Maji ya mwanzo hufungua njia. Yanayofuata hubeba mchanga, kwani pampu zikizimwa na ufa ukiwa mtupu, mwamba hujifunga tena na kazi yote imekwenda bure. Ili maji yaweze kubeba mchanga mwingi, huongezwa unga wa mbegu za guar, mmea wa jamii ya kunde unaolimwa sana nchini India, yakawa mazito kama uji, na baadaye dawa nyingine huuvunja uzito huo ili maji yarudi juu na mchanga ubaki umeshikilia ufa.

Mbinu hii si ngeni. Ilijaribiwa kwanza mwaka 1947 katika uwanja wa gesi wa Hugoton, Kansas, nchini Marekani, kwa petroli iliyofanywa nzito badala ya maji, na jaribio lile halikuongeza gesi ya kutajika. Miaka miwili baadaye ilikuwa tayari biashara. Kilichoibadilisha sura ni kazi ya kampuni ya George Mitchell huko Texas mwishoni mwa miaka ya 1990, iliyoacha maji mazito na kutumia maji mepesi kwa wingi mkubwa katika miamba iliyobana kabisa.

Madhara yapo, na sikusudii kuyafunika. Huko Uingereza matetemeko yaliyotokana na upasuaji karibu na Blackpool, moja likiwa la kipimo cha 2.9 mwezi Agosti 2019, yalisababisha shughuli hiyo kusimamishwa Novemba mwaka uleule. Lakini lile tetemeko la 5.8 lililopiga Pawnee, Oklahoma, mwaka 2016, lilihusishwa na maji machafu ya visima yaliyokuwa yakirudishwa ardhini kwa wingi. Na katika jimbo la Pennsylvania, gesi iliyoingia visima vya maji vya watu ilihusishwa na visima vya gesi ambavyo saruji yake ilikuwa na kasoro. Mimi, kwa kazi yangu, naiogopa zaidi saruji mbovu na bwawa la maji machafu linalovuja kuliko ufa ulio kilomita kadhaa chini. Ardhi yetu ya hapa ni ya chokaa, na aliyeingia mapango ya Amboni ameona jinsi maji yalivyojichongea vyumba ndani yake. Uchafu ukimwagika juu ya mwamba wa namna hiyo, hausubiri kuchujwa.

Kwa hiyo, kama siku moja kampuni itaomba kupasua mwamba katika bonde la Ruvu mkoani Pwani, ambako ugunduzi wa gesi ulitangazwa mwaka 2016, waandishi wako waulize: je, visima vya maji vya vijiji vilipimwa kabla ya uchimbaji, saruji ya kila kisima imekaguliwa na nani, dawa zinazochanganywa zimetajwa hadharani, na maji yanayorudi juu yanapelekwa wapi? Wakipewa jibu la mdomo tu, waombe karatasi za vipimo.

Kwa sasa naomba masahihisho kuhusu Chongoleani yachapwe ukurasa uleule uliobeba makala ile, kwa herufi zisizopungua zile za kichwa chake.

Wako,
Mchimba visima vya maji,
Tanga.