Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Macho na Afya ya Wapiganaji Wastaafu Mkoani Mtwara

Ndugu wanachama, wapiganaji wenzangu, wajane wa wenzetu waliotangulia mbele ya haki, na wawakilishi wa matawi ya Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya shughuli zote za mwaka. Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na idadi ya waliopimwa, tawi kwa tawi, katibu ameibandika ukutani hapo mlangoni, kwa hiyo sitazirudia. Kwa ridhaa ya kamati tendaji, nitatumia karibu nafasi yote hii kuzungumzia kliniki ya macho ambayo kwa mwaka mzima imeendeshwa kwa ajili yetu na watarajali wa optometria, yaani taaluma ya kupima macho na miwani, chini ya msimamizi wao, kwa sababu ndilo jambo lililowagusa wanachama wengi kuliko jingine lolote, na ndilo lililozua ubishi mkubwa kuliko yote.

Nianze na huo ubishi. Pendekezo lilipoletwa, wazee kadhaa walisimama wakasema kwamba mtu aliyevuka Kyaka akiwa kijana mwaka 1979, katika vita vya Kagera, hastahili leo kukabidhiwa kwa mwanafunzi ili ajifunzie machoni pake. Mimi nilikuwa mmojawapo, na naomba ibaki hivyo kwenye kumbukumbu, asije mtu akadhani kwamba kliniki hii nimeianzisha mimi. Tulichokuwa hatukijui ni kwamba mtarajali si mwanafunzi wa darasani. Amekwisha kuhitimu chuo, na sasa anafanya kazi chini ya mtaalamu mzoefu kabla ya kuachiwa asimame peke yake. Kila anachokiandika kwenye faili la mgonjwa hupitiwa, na jicho lenye mashaka hutazamwa upya na msimamizi. Nchini Marekani jambo hili ni la miongo mingi. Hospitali za serikali za maveterani wa vita ni miongoni mwa sehemu kubwa za mafunzo ya namna hiyo, ambako mtaalamu wa optometria aliyekwisha kufuzu huongeza mwaka mmoja, kwa kuwa wagonjwa wa huko ni watu wazima wenye maradhi matatu au manne kwa wakati mmoja, na anayewahudumia hawezi kulitazama jicho kana kwamba halina mwili.

Kwetu faida ilionekana haraka, nayo ilikuwa muda. Mtaalamu mwenye foleni ya watu hadi nje ya geti hana namna ya kukaa na mzee mmoja karibu saa nzima, lakini mtarajali anayo, tena analazimika, kwa kuwa msimamizi atamuuliza. Wametuuliza dawa tunazotumia, tunavyolala, mara ngapi tumeanguka mwaka huu, kama mkojo unatutoka usiku, kama tunashtuka usingizini. Wengine walikereka wakasema wamekuja kutafuta miwani, siyo kuhojiwa. Hata hivyo mambo makubwa ya mwaka huu yametokana na maswali hayo, na machache tu ndiyo yaliyotokana na miwani.

Nitajitolea mfano mimi mwenyewe, kwa kuwa siwezi kusimulia faili la mwenzangu. Kwa miaka kama miwili nilikuwa nagonga bega la kushoto kwenye miimo ya milango na kumwaga chai iliyowekwa upande huo, na nyumbani ikawa mzaha kwamba mzee amekuwa mzembe. Kusoma nilikuwa nasoma vizuri, na kwenye chati ya herufi nilifika mstari wa chini bila shida. Mtarajali aliyenipima hakuridhika na chati. Alinifunika jicho moja, akanitaka nimtazame puani huku akichezesha vidole pembeni, na upande wa kushoto sikuviona vidole hivyo hadi vilipokaribia kabisa katikati. Baada ya kunitilia dawa ya kupanua mboni na kutazama ndani, alimwita msimamizi. Ilikuwa presha ya macho, na sehemu ya mshipa wa fahamu wa jicho la kushoto imekwisha kufa, wala hairudi.

Presha ya macho, ambayo wengine huiita glakoma, nataka tuielewe vizuri, kwa sababu imekaa kimya miongoni mwetu kuliko tulivyodhani. Haiumi, haiwashi, haifanyi jicho kuwa jekundu katika aina yake iliyozoeleka. Huanza kula uoni wa pembeni, na kwa kuwa jicho la pili hufidia, mtu hatambui hadi imebaki tundu la katikati. Sisi Waafrika huipata zaidi na mapema zaidi, na hutembea katika ukoo, ndiyo maana watarajali wamekuwa wakiwataka wanachama waliogunduliwa nayo walete ndugu wa tumbo moja na watoto wao waliotimiza miaka arobaini. Jina lake limewapotosha baadhi yetu, kwani mtu hudhani kwamba akimeza vidonge vya presha ya damu na ya macho itashuka. Hizo ni presha mbili tofauti. Shinikizo la jicho hupimwa kwa kifaa chake, na kwa wengi huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki, ingawa wapo wanaoharibika mshipa hata likiwa ndani ya kiwango hicho, na hapo ndipo umuhimu wa kutazamwa ndani ya jicho unapoonekana.

Kabla ya kliniki hii nilikuwa nimeuziwa dawa ya matone dukani, bila kupimwa, kwa maelezo kwamba inasafisha macho. Mtarajali aliisoma chupa akaniambia ina steroidi, ambayo ikitumiwa muda mrefu bila usimamizi yenyewe hupandisha shinikizo la jicho na huharakisha mtoto wa jicho. Sisemi kwamba ndiyo iliyonifikisha hapa, maana hakuna awezaye kulithibitisha hilo sasa. Nasema tu kwamba katika mifuko ya dawa tuliyofungua mwaka huu chupa za namna hiyo zilikuwa nyingi mno.

Dawa nazo zimetufundisha mengine. Kuna matone ya timololi, ambayo hutumika sana kwa presha ya macho na bei yake inavumilika, lakini sehemu yake hupitia puani na kuingia kwenye damu, ikaweza kubana kifua cha mwenye pumu au kupunguza mapigo ya moyo ambao tayari ni wa polepole. Mwenzetu mmoja alikuwa akibanwa kifua kila usiku na kulaumu vumbi, hadi alipoulizwa dawa ya macho huiweka saa ngapi. Kuna pia wazee wanaotumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume, na wengi wetu tuko huko, tusioneane haya. Dawa hiyo huilegeza misuli ya mboni, na daktari asipojua anaweza kupata shida katikati ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Kuiacha siku chache kabla hakuondoi hatari hiyo. Kinachotakiwa ni kumwambia mpasuaji mapema ili ajiandae. Ni nani kati yetu angefikiri kwamba habari za mkojo zinamhusu daktari wa macho?

Kisukari kimejitokeza kwa njia ambayo sikuitarajia. Baadhi ya wanachama walilalamika kwamba miwani waliyopimiwa kwingine ilikuwa nzuri wiki ya kwanza na mbaya wiki ya tatu, wakaamini wametapeliwa. Watarajali waliwapima sukari kabla ya kupima miwani, na kwa baadhi yao ilikuwa juu sana bila wao kujua. Sukari ikipanda, lenzi ya jicho hubadilika na namba ya miwani hubadilika nayo. Sukari ikishuka, namba hurudi. Kwa hiyo walipelekwa kwanza kliniki ya kisukari, na miwani ikangoja. Mwenye kisukari anapaswa kutazamwa ndani ya macho angalau mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri, kwa sababu vimishipa vya damu vya retina, yaani utando wa nyuma ndani ya jicho, huanza kuvuja muda mrefu kabla uoni haujapungua.

Kuhusu masikio nitasema kwa ufupi. Waliokaa karibu na mizinga na roketi tulizoziita Saba Saba wanajulikana, na tumezoea kuwapigia kelele. Mzee mmoja aliandikwa kwamba hatambui herufi yoyote, kumbe alikuwa hasikii swali. Tangu hapo chati ya herufi E hutumiwa, ambapo mtu huonyesha kwa vidole miguu ya herufi imeelekea wapi, na hiyo imewasaidia pia wasiojua kusoma, ambao hapo awali walikuwa wakibahatisha kwa aibu.

Naomba pia isemwe kwamba vijana hawa hawakuja tu kutufundisha. Mikorosho ilipoanza kutoa maua na mashine za kupulizia salfa kuanza kunguruma dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kliniki ilijaa macho mekundu, na mtarajali mmoja aliyetoka bara alikuwa ameanza kuandika kwamba ni maambukizi. Wazee ndio waliomweleza kwamba vumbi la salfa likiingia machoni huchoma, na kwamba mtu hupuliza alfajiri wakati upepo umetulia, aghalabu akiwa hana kinga yoyote usoni. Baada ya hapo ushauri ukawa wa kuosha macho kwa maji mengi safi na kuvaa miwani ya kujikinga, na kamati imenunua kiasi kwa majaribio.

Wajane nimewaweka hapa, si kwa kuwasahau. Vikope, yaani trakoma, vimewaumiza wanawake zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaokaa karibu na watoto wadogo ambao huubeba ugonjwa huo, na kovu la miaka mingi hukunja ukingo wa kope hadi nywele zikaanza kukwaruza kioo cha jicho. Baadhi yao wamekuwa waking'oa nywele hizo kwa kibano kila wiki, wakiamini kwamba ndivyo uzee ulivyo. Upasuaji wake ni mdogo, hufanywa kwa ganzi, na waliokubali wamerudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye upungufu wetu, ambao ni mkubwa na ni wa kwetu wenyewe. Tumekuwa hodari wa kugundua na dhaifu wa kufuatilia. Wengi waliopewa rufaa ya upasuaji wa mtoto wa jicho hawakufika walikoelekezwa. Kamati ilipotuma watu kuwauliza, sababu zilifanana: nauli ya mgonjwa na msindikizaji, msimu wa korosho, na hofu itokanayo na habari za mtu wa zamani aliyepofuka baada ya kufanyiwa upasuaji. Wengine walidhani watadaiwa fedha nyingi, ilhali sera ya afya inawapa msamaha wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, ila lazima mtu awe ametambuliwa kupitia serikali ya kijiji au mtaa wake na awe na uthibitisho mkononi. Kosa letu ni kwamba hatukuwaandaa kwa hilo mapema. Tuliwapa karatasi ya rufaa tukawapungia mkono. Pia tulikosea kutokuwa na daftari moja la mwanachama, kwa sababu watarajali hubadilika, na anayekuja hukuta shinikizo la jicho la miezi sita iliyopita limebaki na yule aliyeondoka, wakati kwa ugonjwa kama wangu kulinganisha kipimo cha leo na cha jana ndiyo matibabu yenyewe.

Kamati inapendekeza kwa mkutano huu kwamba sehemu ya ada iliyokuwa ikitengwa kwa ajili ya sare za Siku ya Mashujaa ihamishiwe kwenye nauli za rufaa. Najua sare zina watetezi wake humu ndani, na mimi mwenyewe nazipenda, lakini nitapiga kura dhidi ya sare hizo. Inapendekeza pia kwamba kila tawi liteue mtu mmoja, ikiwezekana mtoto au mjukuu wa mwanachama mwenye simu, wa kuwasindikiza wenye rufaa na kuwasomea saa za kutia matone, na kwamba daftari la afya lichapishwe na kubaki mikononi mwa mwanachama mwenyewe.

Kliniki itaendelea mara mkutano huu utakapoidhinisha ratiba. Atakayehudhuria aje na dawa zake zote katika mfuko mmoja, za hospitali, za duka na za miti shamba, bila kuficha; mwenye kipande cha chuma kilichobaki mwilini tangu vitani aseme, kwa sababu mashine ya picha ya sumaku ni hatari kwake. Dawa ya kupanua mboni hutia ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo wenye pikipiki waziache nyumbani, na wa Nanyumbu na Newala wasipange kurudi kwa basi la mchana. Majina yanaandikishwa kwa makatibu wa matawi, na waliokosa kwenda rufaa mwaka huu watatangulia.